Sahani Inayorudi Safi

Mkuyuni, Mwanza
11 Februari 2024

Mwanangu Hellen,

Hujambo huko Songea? Masomo yanaendeleaje? Mjukuu wangu ameshaizoea baridi, au bado unamfunika mpaka anakosa hewa? Sisi huku hatujambo, isipokuwa kifua changu, ambacho unakijua, hakijawahi kuwa na adabu.

Usishangae kuona karatasi. Simu yako ikilia nafurahi, lakini nikishasema "hujambo" tu pumzi imekwisha. Wewe huko ukisikia ninavyoivuta hewa unaanza kulia, basi tunalizana mpaka salio linakatika. Kwenye karatasi nikichoka naweka kalamu chini, napumzika, naendelea, na wewe hujui. Ukitaka kuzungumza na mama yako vizuri, andika.

Chumba cha uani mlichonipa kinanitosha. Tangu nivuke kutoka Kamanga sijakaribia kuni. Daktari alinieleza wazi kwamba miaka yote niliyoinamia matanuri ya kukaushia sangara, ule moshi uliyala mapafu, na hayatakuwa mapya tena. Kilichobaki ni kuyatunza.

Mumeo Yeremia hanisumbui. Asubuhi ananiamkia kutoka kwenye meza yake ya useremala akiangalia chini, namwitikia nikiangalia ukuta, kama inavyopaswa kwa mkwe na mkwe. Tangu uondoke anapika mwenyewe. Chakula ananiletea yule jirani yetu mjane, Sabina, maana mkwe hawezi kunipakulia akasimama kunitazama nikitafuna. Ikifika saa saba mchana Yeremia anaacha randa, anavaa shati, anatoka nje ya geti ili nile kwa nafasi. Heshima anayo, hilo nalisema.

Ila sahani yenyewe, Hellen. Mlima wa ugali, sato mzima na kichwa chake, na kabichi imelala pembeni kama blanketi. Ingeshibisha wanaume wanaombebea mbao.

Kliniki nilikwenda. Kuna binti wa lishe pale, mdogo kuliko wewe, akanikalisha akaniambia nile kidogo kidogo mara sita kwa siku. Ati tumbo likijaa linayasukuma mapafu kwa chini, yanakosa pa kutanukia. Nikamuuliza, mimi ni bata, nidonoe kutwa nzima? Tena nidonoe mbele ya mkwe wangu, ambaye meza yake ya kazi inatazama mlango wangu? Akarudia tu, mara sita. Nadhani hajaolewa.

Wewe soma, usiwe na wasiwasi na chakula changu. Sahani ninayoletewa inarudi safi. Muulize mumeo.

Mama yako


Songea
28 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu. Sisi wawili hatujambo. Mjukuu wako ameota jino na ananing'ata nalo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kama ni ya mchumba. Nimecheka pale kwenye blanketi la kabichi. Yeremia ninazungumza naye kwenye simu na kila mara anaanza na hilohilo: "Mama anakula vizuri, sahani inarudi safi." Anasema kama mtu aliyefaulu mtihani. Juzi ameniambia ameongeza kipimo cha unga ili usije ukaona haya kuomba zaidi.

Lakini mama, yule binti wa lishe usimpuuze. Na uzito ulikuwaje? Umeniandikia habari ya kabichi, ya randa, ya geti, uzito hukuutaja. Mimi nilizaliwa na wewe, nakujua unapokwepa.

Mwanao, Hellen


Mkuyuni
20 Machi 2024

Hellen mwanangu,

Salamu nyingi. Jino moja tayari? Mpe mfupa wa samaki mkubwa, wa mgongoni, uliooshwa vizuri, agugune, akuache.

Umeniuliza uzito. Umeshuka. Mwezi uliopita ulishuka na mwezi huu umeshuka tena, na kanga naizungusha kiunoni inarudi ilikoanzia. Daktari hakunificha. Amesema mtu wa mapafu kama yangu akiendelea kukonda, hata misuli ya kuvutia pumzi inakonda naye, na homa ndogo ya kifua itakayokuja mwezi wa sita na vumbi lake inaweza kuondoka na mimi. Nimekuandikia kama alivyoniambia.

Sasa utauliza sahani. Sahani inarudi safi kwa sababu ugali wanakula bata wa Sabina, na samaki anakula Sabina. Bata wamenona hawawezi kutembea, na Sabina mwenyewe gauni lake la kanisani limeanza kumbana.

Nisikilize kabla hujakasirika. Mimi nikila matonge matatu, manne, hewa inakuwa ya kugombania. Kutafuna na kupumua kwa pamoja siwezi tena. Nikijilazimisha, tumbo linajaa upepo wa ile kabichi, nakaa nimeshika kingo za kitanda jasho likinitoka mpaka alasiri. Na muda wangu ni ule tu mumeo anaotoka, maana akirudi kwenye meza yake ataniona mdomo ukienda. Basi nakula haraka, nikila haraka nabanwa, nikibanwa naacha. Na nikishabanwa mchana, jioni naogopa hata uji.

Kwa nini nisirudishe kilichobaki? Wewe umekulia wapi? Sahani ya mkwe hairudi na makombo. Nikiirudisha na chakula nimemwambia kwamba amepika vibaya, au hana uwezo wa kunitunza. Kijana anaacha kazi yake apike, halafu nimtukane kwa ugali wake mwenyewe? Siwezi. Na wewe usimwambie. Ukimwambia nitaona aibu ya kufa, nitapanda kivuko nirudi Kamanga, na huko nitakula au sitakula kwa amani yangu.

Mama yako


Songea
2 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Sitauliza hali, umeshaniambia.

Nimekaa na barua yako sijui nifanye nini. Nimeghadhibika, nimelia, halafu nikawafikiria wale bata nikacheka, nikajichukia kwa kucheka. Mama, unakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa kwa sababu ya adabu. Yeremia anaongeza unga kwa sababu ya adabu. Kila mmoja wenu anamheshimu mwenzake na anayekonda ni wewe.

Nimezungumza na muuguzi wa hapa chuoni. Ameniambia kwa mtu kama wewe kupumua peke yake ni kazi nzito, inakula chakula kuliko unavyodhani. Mimi ninayetembea mlimani na mtoto mgongoni situmii nguvu unazozitumia wewe ukiwa umekaa kitandani. Kwa hiyo usijione mvivu wala mlafi. Wewe ni mtu wa shamba asubuhi hadi jioni, ila shamba lenyewe liko kifuani.

Sijamwambia Yeremia. Nimekutii. Lakini nakuomba kwa jina la marehemu baba, nipe ruhusa nimwambie. Na usipande kivuko. Kamanga kuna nani wa kukupikia? Mjomba Masele? Yule hata chai anaunguza.

Nasubiri jibu lako na sipati usingizi.

Mwanao, Hellen


Mkuyuni
25 Aprili 2024

Hellen wangu,

Hujambo mwanangu? Lala sasa, ulale vizuri. Ruhusa uliyoomba haina kazi tena. Amejua mwenyewe.

Ilikuwa mchana kama kawaida, ametoka, Sabina ameniletea, mimi nimekula kidogo yangu, na Sabina amekaa chini pale karibu na karo na kichwa cha sato mkononi, bata wakila. Kumbe Yeremia amesahau futi yake ya kupimia. Akarudi. Nilimwona dirishani. Alisimama, akawatazama bata wanavyougawana ugali wake, akamtazama Sabina, Sabina akatafuta pa kukificha kichwa cha samaki asipaone. Yeremia akachukua futi, akatoka tena. Mimi nikaanza kukunja nguo zangu za kwenda Kamanga.

Kesho yake Sabina akaingia na sahani. Nikaitazama, si yangu. Ni ya Yeremia, aliyokwisha kulia. Ugali nusu, alama za vidole zipo, kabichi haijaguswa. Nikamwambia Sabina, umekosea. Akasema, "Sikukosea. Mkweo ameniambia nimwonyeshe mama kwamba leo ameshindwa kumaliza, na anaomba mama asimwone mtovu wa adabu. Na mama naye siku akishindwa arudishe hivyohivyo, watakuwa wamelingana."

Hellen, mkwe amenitumia makombo yake. Katika maisha yangu sijaona wala kusikia. Amejivunjia heshima yeye kwanza ili mimi nisione haya. Nilicheka mpaka nikakohoa, Sabina akakimbilia ile dawa yangu ya kuvuta. Halafu nikalia kidogo. Nguo nikazirudisha sandukuni.

Na hakuishia hapo. Alikwenda kliniki peke yake, akamtafuta yule binti wa lishe, akamwomba amweleze yote tangu mwanzo, kwa kuwa yeye hakuna aliyewahi kumweleza. Sasa chakula kinakuja kwenye kibakuli, si sahani. Asubuhi uji wa ulezi uliochanganywa na maziwa na karanga zilizosagwa. Baadaye yai. Mchana ugali laini kiasi cha ngumi yangu na sato aliyekwisha kutolewa miba. Halafu parachichi, halafu viazi na dagaa walioloweshwa mpaka chumvi imetoka. Kabla ya kulala kuna maziwa mgando. Sabina aliniambia maziwa yataniongezea makohozi, binti wa lishe akasema nijaribu nione mwenyewe. Nimejaribu, makohozi ni yaleyale. Kabichi imefukuzwa, soda imefukuzwa, maharage ni mgeni wa nadra. Maji nakunywa nikimaliza, si katikati. Na kabla ya kula napumzika kwanza, kama mtu anayejiandaa kuingia shambani.

Siku moja Sabina akaja na kamba, akanipima kuanzia kwenye kiti hadi kiwiko. Nikadhani naandaliwa jeneza, nikamuuliza kama mbao ni nzuri. Ilikuwa ni meza. Nilizoea kula mkekani nimejikunja, tumbo limeukandamiza moyo. Sasa naweka viwiko juu ya meza, kifua kinafunguka, natafuna kwa raha. Haiyumbi. Mtu aliyeitengeneza hajawahi kusimama karibu nami kuliko upana wa ua, na imenikaa kuliko kiti cha mama yangu mzazi.

Meza yake ya kazi ameigeuza, sasa anapiga randa akinipa mgongo. Mlangoni kwangu ametundika pazia. Kupiga msasa anakwenda kando ya barabara, ili vumbi la mbao lisinifikie. Naweza kula saa yoyote na yeye yupo, ilimradi haoni.

Mzani haujashuka. Haujapanda, ila haujashuka.

Mama yako


Songea
10 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo mama, na shikamoo nyingine kwa meza.

Kwa siku kadhaa nilikuwa natembea nikitabasamu peke yangu. Kwenye simu Yeremia hakunigusia hata kidogo habari ya makombo. Aliniambia tu, "Tumebadilisha vyombo." Nimekaa na mtu huyu miaka yote hii, kumbe nilikuwa namjua nusu.

Mitihani inakaribia. Niandikie.

Mwanao, Hellen


Songea
17 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sijapata barua yako na si kawaida yako. Yeremia nikimpigia anasema, "Mama anaendelea," halafu anauliza habari za mtoto. Nikimwomba akupelekee simu mlangoni anasema umelala. Hakuna mtu anayelala hivyo.

Sabina simu yake haipatikani. Kama kuna jambo, mama, niambieni. Mimi si mtoto. Nimeanza kuulizia nauli ya kurudi na mitihani ibaki hapahapa.

Mwanao, Hellen


Mkuyuni
6 Julai 2024

Mwanangu Hellen,

Hujambo? Mtoto hajambo? Mimi niko hai, na ndiyo maana naandika. Barua hii nimeiandika kwa siku nyingi, mistari michache michache, kama ninavyokula.

Ile homa ya kifua aliyoisema daktari ilikuja. Ilinikuta mapema mwezi wa sita. Yeremia alinipeleka hospitali, wakanilaza, wakaniwekea mipira ya hewa puani. Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie, nikamwapisha, usimlaumu. Nilijua utaacha mitihani uje kuniangalia, na kuniangalia hakungenisaidia kitu.

Unajua wodini chakula kinaletwa na ndugu. Siku za kwanza Sabina ndiye aliyenilisha. Kisha akafiwa na kaka yake huko Misungwi, akaondoka, na simu yake unaijua, ikikaa mbali na chaja inakufa. Daktari akaja asubuhi akasema mbele yangu, huyu mama asipokula hatakuwa na nguvu ya kukohoa, na asipokohoa tutampoteza. Nikalala nikifikiri nani atakuja. Mjomba wako alikuwa safarini. Nilijiambia basi, imetosha.

Mchana Yeremia akaingia na kikapu. Akasimama miguuni pa kitanda ameangalia sakafu. "Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimu mama yake mchana. Nikamwitikia kwa kichwa. Akasema, "Sabina yuko msibani, Hellen yuko mbali. Niliyebaki ni mimi. Nitakupa mgongo, mama, wewe kula taratibu."

Akaninyanyua kwa mito mpaka nikakaa wima, huku amegeuzia uso ukutani. Akavuta kiti, akakaa akinipa mgongo, akanyoosha mkono nyuma na kibakuli. Ulikuwa ni uji wake wa karanga, na yai amelipondaponda ndani. Wanawake wa vitanda vya jirani wakageuka wote kututazama. Hakuna aliyecheka. Mkono wake ulikaa hewani, haukutikisika, kibakuli kimelala sawasawa kama kimewekwa kwenye ile meza.

Nikachukua kijiko. Kikaanguka. Nikakichukua tena, mkono haukuwa na nguvu ya kukifikisha mdomoni, uji ukamwagika kwenye shuka. Yeye akasikia, mgongo ukakakamaa, lakini hakugeuka. Angekaa hivyo mpaka jioni, Hellen. Alikuwa tayari mkono ukatike kuliko kunitazama kwa aibu yangu.

Nikamwambia, "Yeremia, geuka."

Hakugeuka. Nikavuta pumzi, nikangoja ijae, nikasema tena, "Geuka, mwanangu, unilishe."

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanilisha kijiko baada ya kijiko, akingoja nimalize kupumua kabla ya kuleta kingine, bila haraka. Ninapochoka anaweka chini, napumzika, anaanza tena. Nilipotikisa kichwa kwamba basi, kibakuli kilikuwa na chakula nusu. Akatazama ndani, akasema, "Umebakisha, mama." Nikamwambia, "Tumelingana." Akacheka mara ya kwanza mbele yangu. Ana pengo upande wa kulia, nilikuwa sijui.

Alikuja kila siku, asubuhi, mchana na jioni, na katikati alimwachia muuguzi vikopo vidogo. Kazi za watu zilikaa bila kumalizwa. Nimezaa watoto, Hellen, na nimezika mmoja, na nimekula kwenye mikono ya watu wengi. Sijalishwa na mkono kama ule. Nakuambia hivi kwa sababu yeye hatakuambia.

Nimerudi nyumbani. Wewe maliza mitihani yako.

Mama yako


Songea
20 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mtoto hajambo, mimi hata sijijui.

Barua yako niliifungua nikiwa nje ya chumba cha mtihani na nikaingia uso umevimba. Msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimelishiwa mama. Hakuelewa.

Nilimpigia Yeremia nimshukuru. Akaniuliza kama mihogo ni mizuri kwa mapafu. Ndivyo alivyo.

Lakini nina swali. Mmekwisha kuonana uso kwa uso, chakula kiko katikati. Sasa mtarudi kwenye pazia na mgongo? Watu wa Kamanga watasemaje?

Mwanao, Hellen


Mkuyuni
11 Agosti 2024

Hellen mwanangu,

Hujambo? Nambie matokeo yatatoka lini. Mjukuu asianze kutembea kabla sijamwona.

Mapafu hayajapona, na hayatapona, nisikudanganye. Kutoka kitandani hadi getini bado napumzika njiani. Lakini mzani umepanda. Yule binti wa lishe alipouona akanishika mikono yote miwili, nikamwambia ashike ya mkwe wangu.

Swali lako nililipeleka kwa mjomba wako Masele, yeye ndiye mkubwa wetu. Alivuka akaja, akatuweka wote wawili uani. Akasema aibu kati ya mkwe na mkwe inaweza kuondolewa kama mkwe ataleta kitu, basi Yeremia alete mbuzi. Nikamwambia Masele, mbuzi hatagi. Tukakubaliana kuku. Yeremia ameleta matetea wanne wanaotaga, amenikabidhi mbele ya mashahidi, Masele akatamka maneno ya wazee, na mmoja wa kuku akamharibia kiatu. Yai ninalokula asubuhi sasa ni la kuku wangu. Bata wa Sabina wamekonda, hawatuombei mema.

Pazia limeondolewa. Ile meza ameipanua kidogo upande mmoja na ametengeneza kiti cha pili, na cha tatu, kifupi, ambacho bado hakijapigwa msasa, hicho unajua ni cha nani. Chako ataanza Jumatatu.

Naacha hapa. Vibakuli vya alasiri vimefika, viwili, na Yeremia amekaa upande wa pili wa meza mikono magotini. Chake hajakigusa. Anangoja nianze.

Mama yako